Hull KR Ilishuka, Salford Ikabaki

Zimebaki kama dakika mbili za mechi ya raga ya kuamua nani ashuke daraja. Ni tarehe 1 Oktoba 2016, uwanja wa Craven Park, mashariki ya Hull. Wenyeji Hull KR wanaongoza 18-10, na mzee jirani yangu aliyenipa lifti ameshaanza kupapasa mfuko kutafuta funguo za gari, tuwahi kutoka kabla ya msongamano. Salford wanapata trai. Mkwaju wa kuongeza alama unakwenda nje. Kufumba na kufumbua, Greg Johnson anaizamisha trai nyingine, 18-18, na mkwaju wake nao unakwenda nje. Muda wa nyongeza: wa kwanza kupata alama, kashinda. Gareth O'Brien wa Salford anaudondosha mpira, anaupiga kutoka mbali, unapita kati ya milingoti. 19-18. Hull KR imeshuka daraja.

Mzee alikaa kwenye gari bila kuwasha injini. Mimi nilikuwa na miaka miwili tu tangu nitoke Mombasa na sikujua nimwambie nini. "Pole, mzee" ni maneno ambayo Kiingereza hakina, basi nikanyamaza naye.

Nayasema haya mapema ili ujue nimekaa jukwaa gani. Na raga ninayoizungumzia si ile ya Shujaa wa Kenya. Hii ni raga ya ligi, ya wachezaji 13, ambapo timu ikishakabwa mara sita inauachia mpira. Ilijitenga na ile nyingine mwaka 1895 katika hoteli ya George mjini Huddersfield, pale klabu za kaskazini mwa Uingereza zilipodai wachezaji wao, wachimba makaa na vibarua wa viwandani, wafidiwe ujira walioukosa kwa kuacha kazi ili wacheze. Mpaka leo klabu nyingi za Super League, ligi yetu kuu, ziko kwenye ukanda mwembamba kutoka St Helens hadi Hull, ukanda ambao unaweza kuumaliza kwa gari asubuhi moja. Mbili ziko Ufaransa.

Tangu 2022 mashabiki wa ukanda huo tunagombana kuhusu jambo moja: nani ana haki ya kukaa ligi kuu? Mwaka huo wakuu wa mchezo walimwaga wino na IMG, kampuni ya masoko ya michezo, mkataba wa miaka 12, waletewe dira mpya. Dira ikaja na mfumo wa gredi. Kushuka daraja kwa kuvuta mkia kukafutwa. Badala yake kila klabu inapimwa kila mwaka kwa alama 20: robo ni matokeo ya uwanjani kwa misimu mitatu, robo nyingine ni mashabiki, asilimia 22.5 ni fedha, 15 ni hali ya uwanja, na 12.5 ni eneo na jamii. Ukifika alama 15 una gredi A, huguswi. Chini ya hapo ni B, na chini ya 7.5 ni C.

Ingia ndani ya mafungu hayo uone. Kwenye mashabiki hawahesabiwi wakata tiketi tu. Wamo pia wanaotembelea tovuti ya klabu na wanaoifuata mitandaoni. Kwenye uwanja kuna alama za skrini kubwa na mabango ya LED. Kwenye eneo wanahesabiwa wakazi, kisha wanagawanywa kwa klabu zilizopo. Wilaya ya Wakefield peke yake ina tatu: Wakefield Trinity, Castleford na Featherstone, kila moja na mji wake wa makaa na historia yake, na hakuna iliyochagua majirani. Mzee jirani, ambaye simu kwake ni ya kupigia binti yake tu, alinibishia hodi jioni moja nimfungulie akaunti kila mtandao uliopo. Si kwamba alitaka kuona picha. "Tupate pointi," akasema.

Tunacheka, ila waliouleta mfumo huu hawakuwa wajinga. Kushuka daraja kwenye mchezo usio na fedha ni kitu kikatili. Mwaka 2019 London Broncos walishinda mechi 10 na bado wakashuka. Walimaliza na alama 20 sawa na Hull KR. Sisi tukaponea kwenye tofauti ya alama za kufunga na kufungwa. Anayeshuka anapunguziwa mgao, anauza wachezaji. Anayepanda anajua hatima yake Oktoba, wachezaji wa maana wameshasaini kwingine, na ligi inaanza Februari. Leigh walipandishwa 2021, wakashinda mechi mbili msimu mzima, wakashuka. Toulouse wakapanda baada yao, nao wakadumu mwaka mmoja. Kiongozi wa klabu anayeogopa mkia hawekezi kwa kijana wa miaka 16 atakayeiva baada ya misimu mitano. Anamleta mkongwe kutoka Australia amvushe hadi Septemba. Halafu kitita chenyewe kimenywea: mkataba wa televisheni ya Sky ulioanza 2024 una thamani ya karibu nusu tu ya ule uliokwisha 2021. Benki haikukopeshi kujenga jukwaa jipya kama msimu mmoja mbovu unaweza kulifanya jukwaa hilo la ligi ya chini.

Tena watetezi wa gredi wana mfano mkubwa: Australia. NRL, ligi kuu ya huko, haina kushuka kabisa, na ndiyo ligi tajiri kuliko zote kwenye raga hii. Perth Bears wanaingia 2027, na Papua New Guinea, nchi ambayo mchezo huu ni kama dini, wanaingia 2028, serikali ya Australia ikiwa imeahidi dola zake milioni 600 kwa miaka 10. Siasa za Pasifiki na China zimo ndani yake, hilo halifichiki. Lakini hakuna serikali itakayomwaga pesa hizo kwenye timu inayoweza kutupwa nje kwa majeruhi wa mwaka mmoja.

Nakubali yote hayo, kisha nakumbuka South Sydney. Mwaka 1999 huko huko Australia walipunguza timu kwa vigezo vya kwenye karatasi, na klabu kongwe yenye mataji kuliko nyingine yoyote ikafungashiwa virago. Mashabiki wakajaa mitaani Sydney, kesi ikaenda mahakamani, na 2002 Souths wakarudi. Mwaka 2014 wakawa mabingwa. Vigezo vile havikuwa na mahali pa kuandika kwamba watu wale wangeandamana.

Na sisi tumeshapata Souths wetu wadogo. Oktoba 2023 London walikwenda Toulouse, wakawafunga wenyeji 18-14 katika fainali ya Championship, daraja la pili, wakapanda. Mwezi huo huo orodha ya majaribio ya gredi ikatoka, na London walikuwa nafasi ya 24. Maana yake walianza msimu wa 2024 hukumu imeshasomwa: kwa namna yoyote ambayo wangecheza, hakukuwa na njia ya kweli ya kubaki. Kuku wa Idi walau hulishwa vizuri kabla ya siku yake. London hata hicho hawakupata, maana nani asaini na timu inayojulikana inaondoka? Mimi nilikwenda kuwaona wakicheza, na kilichonikera ni jinsi mechi ilivyokosa uchungu. Walifungwa, wakapiga makofi, wakaenda kuoga.

Mwisho wa 2025 mambo yakawa ya ajabu zaidi. Klabu zilipiga kura Julai kuongeza timu kutoka 12 hadi 14. York waliongoza msimamo wa Championship, Toulouse wakawafunga kwenye fainali. Bradford Bulls hawakuwa vinara wala mabingwa. Basi walioingia moja kwa moja ni Bradford, nafasi ya 10 kwenye gredi, ilhali bingwa na kinara walilazimika kusubiri jopo lililoongozwa na Lord Caine liwachague. Sina kinyongo na Bradford. Ni mabingwa mara nne wa Super League waliofilisika 2017, wakaanza upya hadi daraja la tatu, na ligi inawahitaji. Lakini hebu mweleze mtoto wa York kwa nini kushika namba moja kulihitaji barua ya maombi.

Hata hivyo, kama gredi ingetupa utulivu iliotuahidi, ningemeza. Haikutupa. Na hapa ndipo Salford wanaporudi, wale wale wa 19-18.

Salford walimaliza nafasi ya nne mwaka 2024. Gredi zikatoka Oktoba, wakapita. Februari 2025, mechi ya kwanza ya msimu, wakawa wamewekewa kikomo cha mishahara kwa sababu ya hali yao ya fedha, wakapeleka vijana wasio na uzoefu St Helens. 82-0. Niliitazama yote, sijui kwa nini. Kuna kitu kinatokea kwenye mechi ya raga timu ikishafungwa 50: wakabaji hawaangushi tena, wanashika jezi na kuning'inia. Vijana wale hawakuning'inia. Walikuwa wanaendelea kukaba miguuni hadi dakika ya 80, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kutazama. Wachezaji wazoefu wakaendelea kuondoka mmoja mmoja. Agosti klabu ikashindwa kupeleka timu Wakefield. Desemba mahakama ikaifunga, na sasa kuna Salford mpya kwenye Championship.

Mfumo uliojengwa mahsusi kuonyesha klabu ipi ina afya uliipitisha klabu iliyokuwa mahututi. Sababu si fumbo: fungu la fedha linasoma hesabu za miaka iliyopita, siyo homa ya leo.

Ila nisiwe mwepesi wa kushangilia. Kushuka daraja nako kusingeiokoa Salford. Kama ule mpira wa O'Brien ungegonga mlingoti mwaka 2016, huenda wangezikwa mapema zaidi, na tusingewaona Old Trafford kwenye fainali ya 2019 wala Wembley mwaka uliofuata. Na timu yangu haitoi ushahidi wa upande mmoja. Tulishuka 2016, tukarudi baada ya mwaka, vizuri: hoja ya wapenda panda-shuka. Lakini 2020 tulivuta mkia kabisa na tukabaki, kwa sababu msimu wa korona haukuwa na kushuka. Bila huruma ile sijui tungekuwa wapi. Miaka mitano baadaye Hull KR walibeba Challenge Cup, kombe la mtoano, wakaongoza msimamo, kisha wakawafunga Wigan 24-6 kwenye fainali ya ligi Old Trafford. Makombe matatu kwa msimu mmoja, baada ya miaka 40 bila taji kubwa.

Tofauti ya klabu hizi mbili haimo kwenye kanuni yoyote. Hull KR iliposhuka, mmiliki Neil Hudgell hakukimbia. Wakefield waliposhuka 2023 alijitokeza Matt Ellis, mfanyabiashara wa hapo hapo, akainunua klabu iliyoanguka; wamerudi na mwaka wao wa kwanza wakamaliza nafasi ya sita. Leigh walioaibika 2021 walipanda tena kwa kushinda uwanjani na msimu wa kwanza tu, 2023, wakachukua Challenge Cup kwa alama moja mbele yetu, 17-16, nalo hilo bado linauma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: gredi ibaki, lakini iwe kizingiti na si foleni. Wapenzi wa kandanda Afrika Mashariki wanaujua utaratibu wa leseni za CAF. Ukikosa uwanja unaokidhi utaazima wa jirani, ila nafasi yako umeitafuta kwa miguu. Shujaa waliposhushwa London mwaka 2023 na Kanada, kisha wakarudi Madrid mwaka uliofuata, hakuna aliyeuliza wana wafuasi wangapi. Weka kiwango cha chini cha fedha, usalama na timu za vijana, kikaguliwe katikati ya msimu, siyo Oktoba pekee. Bingwa wa Championship akikifikia, apande. Mmoja tu kwa mwaka anatosha. Anayeshuka apewe mgao wa kujikimu miaka miwili, asiuze hadi mashine za mazoezi.

Ninaujua udhaifu wa pendekezo langu. Kizingiti kinaweza kunyanyuliwa hadi kiwe ukuta: Hunslet walishinda fainali ya daraja la chini mwaka 1999, Dewsbury wakashinda iliyofuata 2000, na wote wawili wakakataliwa kupanda. Ndiyo maana kiwango kitangazwe kabla msimu haujaanza na kisiguswe tena mpaka uishe.

Nilimpelekea mzee hoja hizi, akazisikiliza hadi mwisho huku chai ikipoa. Mtu aliyelia kwenye gari mwaka 2016, aliyeniambia miaka yote kwamba gredi ni wizi wa watu wa tai, sasa anaona kushuka daraja ni jambo la kizamani. Tangu tuchukue yale makombe matatu, anataka mlango ufungwe na kufuli liwekwe kwa ndani.