Mbeleko ya Mtoto Mchanga: Kwa Nini Bado Nipo Upande wa Kanga

Hapa Kigoma, mwanamke akijifungua siku hizi, miongoni mwa zawadi anazoletewa na ndugu na wafanyakazi wenzake haikosi mbeleko ya kisasa, ile yenye mikanda minene, vifungo vya plastiki na picha ya mtoto wa Kizungu anayecheka juu ya boksi. Zinauzwa madukani Mwanga, zinatangazwa kwenye makundi ya WhatsApp na kuagizwa Kariakoo, na kwa kuwa bei yake si ndogo, aliyepewa huona haya kuiacha kabatini. Sina ugomvi na zawadi yenyewe. Ninachobisha ni mazoea yanayoanza kujengeka ya kumtia humo mtoto wa wiki mbili, kwa imani kwamba kilichotoka kiwandani hakina budi kuwa salama kuliko kanga. Kwa maoni yangu, katika miezi mitatu ya mwanzo kanga ya pamba iliyokwisha kulainika, ikifungwa kifuani na mtu aliyefundishwa kuifunga, humfaa mtoto mchanga kuliko nyingi kati ya mbeleko zinazouzwa mjini kwetu. Nimesema kifuani kwa makusudi, kwa sababu wazee wetu wanaozicheka mbeleko za mikanda nao wana la kusikia katika jambo hili.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kikilinganishwa na kiwiliwili chake, shingo haina nguvu ya kukirudisha kikiinama, na njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Akikaa amejikunja hata kidevu kikalala juu ya kifua, njia hiyo hubanwa, naye hawezi kujinasua, na mara nyingi hata sauti ya kulia haimtoki. Hatari ya pili ni pua na mdomo kuzibwa na kitambaa au na mwili wa anayembeba. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoifanya tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa itoe onyo, Machi 2010, kuhusu mbeleko za begani, hasa zile zinazomlaza mtoto kwenye mfuko wa kitambaa unaoning'inia: ilikuwa imebaini vifo visivyopungua 14 vilivyohusishwa nazo katika miaka 20, na 12 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto ambao hawajafikisha miezi minne. Onyo hilo liliwataja kwa namna ya pekee watoto njiti, mapacha, wenye uzito mdogo na wenye matatizo ya kupumua. Ndiyo maana mimi, nikionyeshwa mbeleko yoyote, siulizi kwanza bei wala rangi. Huuliza kama mtoto atakaa wima ndani yake, kama uso wake utaonekana bila kufunua kitu, kama vidole viwili vitapita kati ya kidevu chake na kifua chake, na kama mama akiinamisha shingo kidogo tu ataweza kumbusu utosini. Mbeleko inayoshindwa maswali hayo haimfai mtoto wa umri huo, hata kama imetoka Ulaya.

Kwa kipimo hichohicho, namna yetu ya kawaida ya kubeba nayo haipiti bila kuulizwa. Desturi ya arobaini, ambayo Ujiji na sehemu nyingine nyingi bado inaheshimiwa, ina busara kubwa, kwani mtoto hukaa mikononi mwa watu kwa muda wote ambao shingo yake ni dhaifu kabisa. Tatizo huja pale mama asiye na msaidizi anapolazimika kutoka mapema, kwenda kliniki au kurudi kwenye biashara yake ya dagaa. Mtoto hufungwa mgongoni, kisha kanga ya pili hutupwa juu yake hadi kichwani, asipigwe na baridi, vumbi wala macho ya watu. Huko nyuma kidevu kikishuka au kitambaa kikimziba pua, mama hana njia ya kujua. Nikilisema hili mbele ya mama mkubwa, jibu huwa lilelile: "Mwanangu, wewe mwenyewe nilikubeba hivi hivi, na leo unanifundisha." Naliheshimu jibu hilo, ila halijibu swali, kwa kuwa wanaosimulia ni wale tuliokua. Mtoto aliyekwisha kukaza shingo, mgongo wa mama ni mahali pake na sina neno. Asiyeikaza bado, akae mbele, uso ukiwa wazi.

Kifua hicho kina ushahidi mzito kuliko wanavyodhani wale wanaoona kanga ni dalili ya umaskini. Mwaka 1978, Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianzisha utaratibu wa kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, katika hospitali iliyokuwa na msongamano na uhaba wa mashine za kuwatunzia joto. Utaratibu huo leo tunaujua katika wodi zetu kwa jina la kangaroo. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2021 uliwahusisha watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, katika nchi za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu. Ilionekana kwamba kuanza kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kungoja hali ya mtoto itulie, kulipunguza vifo vya siku 28 za mwanzo kwa asilimia 25. Mwaka uliofuata shirika hilo likashauri watoto njiti na wenye uzito mdogo wakae hivyo kati ya saa 8 na 24 kwa siku.

Kinachomshikilia mtoto huyo kifuani, kwa kawaida, ni kanga au kitenge alichokuja nacho mama. Muuguzi anayejua kazi yake humweka mtoto wima, kifua kwa kifua, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha huzungusha kitambaa na kukikaza mpaka mama akisimama mtoto asiteleze chini, huku ukingo wa juu ukiishia chini kidogo ya sikio. Somo lenyewe ni la dakika chache. Hapa ndipo penye lawama yangu kwa utaratibu wa huduma zetu, wala si kwa kituo kimoja: somo hilo hupewa mama wa njiti peke yake, ilhali mama aliyezaa mtoto wa kilo 3 huruhusiwa kwenda nyumbani bila mtu yeyote kumwonyesha namna ya kumfunga mwanawe, kana kwamba kila mwanamke wa Kiafrika amezaliwa na ujuzi huo. Mama wa mara ya kwanza aliyelelewa mjini, ambaye hakuwahi kubeba wadogo zake, hana alikojifunzia, naye ndiye anayekimbilia mbeleko ya boksi kwa sababu angalau ina karatasi yenye picha.

Jambo jingine ninalolitazama ni nyonga. Kiungo cha nyonga cha mtoto mchanga bado ni laini, na mkao unaokifaa ni ule wa mapaja kupanuka na kushikiliwa kuanzia goti hadi goti, magoti yakiwa juu kidogo ya makalio. Mbeleko nyingi za bei rahisi zina kitambaa chembamba katikati ya miguu, hivyo mtoto huning'inia miguu ikiwa imenyooka chini. Sisemi kwamba kila anayebebwa hivyo atalemaa. Mwenye nyonga nzima huenda asidhurike. Ninachosema ni kwamba hakuna sababu ya kulipia mkao ulio mbaya kuliko ule anaoupata bure. Mwaka 2015 madaktari wa mifupa waliofanya kazi Malawi walichapisha makala wakieleza kwamba tatizo la nyonga kutokaa sawasawa utotoni, ambalo Ulaya hutafutwa kwa watoto wote, wao karibu hawalioni, nao wakahusisha hali hiyo na desturi ya kubeba watoto mgongoni miguu ikiwa imepanuka. Kwa hiyo mama zetu, waliokosea kwa kuwahi mgongoni na kufunika kichwa, kwenye nyonga walikuwa sahihi muda wote.

Na tusisahau mbeleko hizo zilianzia wapi. Ann Moore, muuguzi wa watoto kutoka Marekani, alikwenda Togo miaka ya 1960 kwa kazi ya kujitolea, akawaona akina mama wakienda shughuli zao na watoto migongoni, watoto wametulia. Aliporudi kwao na kupata mtoto wake hakuweza kumfunga kwa kitambaa kitupu bila kuteleza, ndipo yeye na mama yake mzazi wakabuni na kushona mbeleko yenye mikanda iliyosajiliwa mwaka 1969 kwa jina la Snugli. Kilichotoka Togo tunarudishiwa ndani ya boksi, na tunakilipia.

Kuhusu kitambaa, joto ndilo liamue. Sisi wa kandokando ya ziwa tuna unyevunyevu, na anayesafiri kwa treni kwenda Tabora mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijashika, anajua behewa lilivyo mchana. Mbeleko yenye sifongo na bitana ya nailoni, mtoto akiwa tayari amevalishwa sweta, kofia na soksi kwa amri ya bibi, ni joto juu ya joto, na mtoto mchanga hajui kulipunguza. Mbeleko ihesabiwe kuwa ni nguo mojawapo; ikifungwa, sweta livuliwe, na mama aguse mara kwa mara shingo ya mtoto kwa nyuma aone kama ina jasho. Kanga ya pamba hupitisha hewa, hufuliwa jioni na asubuhi imekauka. Kanga mpya ambayo haijafuliwa haifai kwa kazi hii, maana ni ngumu na fundo lake hulegea. Ifuliwe kwanza mara kadhaa. Kipande kimoja cha doti kina urefu wa takriban mita 1.5, ambao hauwatoshi wanawake wenye miili mikubwa, na hao kitenge kirefu kinawafaa zaidi. Vitenge vinavyovuka ziwa kutoka Kongo, vile vizito, hushika fundo vizuri sana, ingawa wengine watasema nasema hivyo kwa upendeleo wa nyumbani.

Kanga ina upungufu wake, na mmoja ni mkubwa: wanaume wengi hawataki kuonekana wameifunga. Baba wa Kigoma atambeba mwanawe mikononi saa nzima sebuleni, lakini kutoka naye barabarani akiwa na kanga kifuani ni mtihani ambao wachache wanauweza. Ikiwa mbeleko ya mikanda itamfanya baba ambebe mtoto kwenda kliniki ili mama apumzike, basi hiyo ni sababu nzuri ya kuinunua, nami naiona kuwa nzuri kuliko nyingine zote. Wanunue basi wakiwa macho. Nyingi zimeandikwa uzito wa kuanzia kilo 3.2 hadi 3.6, na watoto wengi wa kwetu huzaliwa chini ya hapo, kwa hiyo lebo isomwe na mtoto apimwe. Kitako kiwe kipana au kiweze kupunguzwa na kuongezwa. Mtoto asitazamishwe mbele mpaka aweze kushikilia kichwa mwenyewe, hata kama picha ya kwenye boksi inaonyesha hivyo. Mbeleko yenye kiti kigumu cha kiunoni ingoje mpaka mtoto aweze kukaa. Aliyejifungua kwa upasuaji ajue kwamba mkanda wa kiunoni unaweza kukaa juu ya kidonda. Za mtumba sizikatai, kwani baadhi zimeshonwa vizuri kuliko mpya za dukani, ila mishono ivutwe kwa nguvu zote na kila kifungo kifungwe na kufunguliwa mbele ya muuzaji, na kilichopasuka kidogo kihesabiwe kimevunjika.

Yapo mahali ambapo hakuna mbeleko inayofaa, iwe kanga au ya mikanda. Jikoni ni pamoja nayo: mtoto aliye kifuani yuko karibu na moto, moshi na mafuta ya mawese yanayoruka kuliko mama mwenyewe. Bodaboda sihitaji kuieleza. Lakini ziwa linasahaulika. Katika boti zinazotoka Kibirizi kwenda Mwamgongo na Kagunga utawaona akina mama wamekaa na watoto waliofungwa imara, pengine jaketi la kujiokolea limevaliwa juu ya mtoto na kanga kwa pamoja, na kila mtu anaona ni tahadhari njema. Boti ikipinduka, mbeleko haielei, fundo lililolowa halifunguki haraka, na mtoto aliyebanwa kati ya mama na jaketi anaweza kubaki uso ukiwa majini hata kama mama anaelea. Mama avae jaketi lake peke yake na mtoto ashikwe mikononi. Fundo lifunguliwe gatini kabla ya kupanda, na manahodha wawaambie abiria hivyo wanapogawa majaketi. Kwa mtoto wa wiki chache, ambaye majaketi yaliyomo botini hayamwenei hata kidogo, safari ya kwenda kumwonyesha kwa bibi iahirishwe, au bibi ndiye apande boti aje mjini.