Nanunua Upungufu

Wiki iliyopita nimeipima baskeli yangu kwenye mizani ya karafuu. Msicheke kwanza, ngojeni nimalize, mtacheka kwa jumla.

Mizani nyengine sikupata. Mwenye duka la mchele alinitoa mbio, ati nitamtilia grisi kwenye sahani. Nikaenda kwa Ami yangu, ambaye msimu ukifika huzipima karafuu zake nyumbani kabla ya kuzipeleka kituoni ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, maana mkulima wa Pemba haendi kupimiwa kabla hajajipimia. Ana ile mizani ya ndoana, imening'inia kwenye boriti ya ukumbi. Tukaitundika baskeli kama mbuzi wa Idd. Ikasoma kilo tisa na nusu.

"Mwezi uliopita ilikuwa ngapi?" Ami akauliza.

"Tisa na gramu mia nane."

Akaiangalia kwa huruma. "Imekauka. Pole, mwanangu."

"Haikukauka, Ami. Nimeipunguza mwenyewe. Nimenunua vipande vyepesi."

"Umenunua kwa ngapi?"

Hapa ndipo nilipokosea. Mke wangu nilishamwambia elfu themanini, lakini mbele ya Ami ulimi ukateleza: "Laki nne na nusu."

Mzee akatafuta kiti. Alipokipata hakukikalia, alikishika tu. Akaanza kunieleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Karafuu mbichi kilo tatu, ukizianika vizuri, zinatoka kilo moja kavu. Kilo mbili zote zimekwenda na jua. "Jua linanipunguzia bure," akasema, "na usiku silali. Likitanda wingu naamka kuzifunika, nikizikausha kupita kiasi nalia, nikipeleka mbichi zinarudishwa. Miaka yangu yote nagombana na upungufu. Weye unaununua?"

Kisha akapiga hesabu kwa vidole. Gramu mia tatu kwa laki nne na nusu ni shilingi elfu moja na mia tano kwa gramu. Kilo moja ya kitu kisichokuwepo inakwenda milioni moja na nusu. "Karafuu ya daraja la kwanza," akasema, "haijaiota bei hiyo. Niuzie mie hiyo hewa, nianike."

Nikaishusha baskeli yangu nikaondoka. Sikuweza kumjibu, na mpaka leo jibu sina.

Ugonjwa wenyewe niliambukizwa. Tupo watu saba, tunakutana Gombani, hapa Chake Chake, baada ya sala ya alfajiri, siku za Jumapili, tunapanda baskeli mpaka Wete na kurudi. Mwanzo yalikuwa mambo ya afya tu. Daktari alinambia nipunguze uzito, na nilimwelewa kwamba anakusudia mie. Kosa likawa kumsimulia habari hiyo mwenzetu mmoja tunayemwita Bwana Gramu. Huyu mfukoni hatembei na pesa wala tasbihi, anatembea na mizani. Kijimizani kidogo cha betri, kama cha sonara wa dhahabu. Mkisimama kunywa maji, yeye anapima. Amepima pedali, amepima kofia, siku moja alipima ndizi kwa ganda na bila ganda, akaila ndizi baada ya kulitoa ganda kwenye hesabu.

Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba chama cha baskeli cha dunia, UCI, tangu mwaka 2000 kimeweka sheria kwamba baskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Anaizungumza sheria hiyo kwa wasiwasi, kama kwamba wakaguzi wameshapanda boti na wanateremka bandari ya Mkoani kesho asubuhi. Bwana Gramu, baskeli yetu nyepesi kuliko zote ina kilo nane na ushei, na hiyo ni ukiitoa pampu. Tunaogopa nini?

Lakini maneno yanaingia. Siku moja unajikuta usiku wa manane umeikodolea macho simu, unasoma uzito wa bolti. Nikaagiza. Tyubu mbili za plastiki nyembamba, rangi ya chungwa, kila moja gramu 36, wakati zangu za mpira zilikuwa 105. Bomba la kiti la karboni, gramu 180, kutoka lile la alumini la gramu 290. Bolti za titani. Vikaja mpaka Dar, kutoka Dar vikapanda boti, kutoka Mkoani vikapanda daladala pamoja na kuku.

Mke wangu ndiye aliyelipokea boksi. Akalitikisa, akaliweka sikioni, akanambia: "Baba watoto, wamekuibia. Tupu hili."

Nikasema si tupu, ndiyo sifa yake.

"Sifa yake kuwa tupu?"

Mtoto wetu wa mwisho alishaichukua tyubu moja anaipuliza kwa mdomo, anafikiri puto la Idd.

Hesabu ikawa bado haijafika mia tatu, zimebaki kama gramu hamsini. Bwana Gramu akatoa fatwa: kengele. Nikaing'oa kengele. Sasa napita vijijini bila kengele, nikikuta watu njiani napiga kelele "Hodi! Hodi!" Na Pemba, jamani, mtu akisikia hodi anaitikia. Bibi yupo uwani kwake anachambua makonyo ya karafuu, haoni njia, anasikia hodi: "Karibu! Pita ndani!" Nikirudi namkuta amesimama mlangoni, amekasirika. "Weye ndiye uliyepiga hodi asubuhi usiingie?" Nimeshalazimika kuteremka mara mbili nikanywa chai kwa ajili ya kengele ya gramu hamsini.

Sasa niwaeleze habari ya kwenda kwa kikundi, kwa sababu hapo ndipo dhulma ilipo.

Kwenye baskeli adui ni upepo. Ukijibanza nyuma ya mwenzio, karibu gurudumu kwa gurudumu, unaokoa kama thuluthi ya nguvu zako, yeye anakupasulia upepo unapita bure. Kwa hivyo kila mtu anataka kuwa wa pili. Na kila mtu anataka wa mbele yake awe mtu mpana. Mie, alhamdulillahi, Mungu hakuninyima upana. Hawa ndugu zangu wanaokata mipini ya miswaki yao ili mkoba uwe mwepesi, tukifika tu mahali pa tambarare penye upepo wa kusi, wanaanza heshima: "Tangulia, kaka. Mkubwa hupita mbele." Sita wamejipanga nyuma ya tumbo langu kama vifaranga. Hapo tumbo langu halina gramu, ni rasilimali ya umma.

Kinakuja kilima, wananipita wote, salamu hawana.

Na vilima ndivyo Pemba yenyewe. Hatuna mlima. Ungekuwapo mlima mtu angeupanda mara moja akapumzika na maisha yake. Sisi tuna vilima vifupi visivyokwisha: unashuka bondeni kwenye mpunga, unapanda kwenye mikarafuu, unashuka tena, mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Njia ya zamani ya Wete ndiyo usiseme, inajipinda kama mtu anayekwepa mdai. Nikamuuliza mwenzetu ambaye ni mwalimu wa hesabu: hizi gramu mia tatu zitanisaidia kiasi gani kwenye kilima? Akaniuliza uzito wangu pamoja na baskeli. Nikamwambia tisini na mbili. (Ni tisini na sita, lakini walikuwepo watu.) Akafikiri kidogo: "Kilima cha dakika tatu, utafika mapema kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde."

Nusu sekunde! Nikifika juu huko naifanyia nini? Hata kupenga kamasi haitoshi.

Bwana Gramu akaruka: ah, tyubu ni uzito unaozunguka, gramu moja ya pembeni mwa gurudumu ni sawa na gramu mbili za fremu. Mwalimu akasema hiyo ni wakati unapoongeza mwendo, si wakati unapanda kwa mwendo mmoja. Wakabishana kutoka Ole mpaka Wete. Mie sikuwa na pumzi ya kuchangia.

Wete tunakunywa chai, halafu linakuja lile jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu anayependa kulizungumza. Huwezi kwenda Wete ukarudi bila halua. Utaingia nyumbani kwa uso gani? Mke wangu anataka kilo, mama mkwe anataka kilo, na ukimpelekea mmoja tu umejitangazia vita. Kwa hivyo mtu aliyelipa laki nne na nusu kupunguza gramu mia tatu anarudi Chake na kilo mbili za halua mgongoni, kwenye ile mifuko ya nyuma ya fulana, inatikisika kushoto na kulia, samli inaanza kuchuruzika kwenye uti wa mgongo. Bwana Gramu naye amebeba. Halua peke yake ndiyo kitu ambacho hajawahi kukipima.

Jumapili ile, tumetoka Wete, nikahisi nyuma yangu pametulia sana na panavunda. Nageuka, wa pili si mwenzetu. Ni mchuuzi wa samaki, yupo kwenye baskeli yake ya Phoenix, kanda limejaa dagaa kwenye keria, amejibanza vizuri kabisa nyuma ya mgongo wangu, anavuta sigara. Wenzangu wote na karboni zao wametawanyika huko nyuma kwa ajili ya harufu. Nikamwambia, "Ndugu, pita basi." Akasema, "Ah, hapa pana raha, mzee wangu, endelea." Akaja hivyo hivyo mpaka karibu na Gombani, alipokata kona akanishukuru na kuniombea dua ya afya njema. Ndiye mtu pekee aliyewahi kunishukuru kwa tumbo hili.

Lakini hapo nilikuwa nimeshaanza kuona kitu chengine. Magoti yangu yalikuwa yanapanda. Tulipotoka Wete nilikuwa nimekaa juu kama mtu mwenye cheo. Kufika nusu ya njia magoti yako sawa na kifua. Kuingia Chake magoti yananigusa masikio, najiona kama chura aliyepanda baskeli ya mtoto. Watoto njiani walikuwa wanahesabu.

Bomba la kiti lilikuwa linazama. Kumbe bomba la karboni halipakwi grisi ya kawaida, lina losheni yake yenye chengachenga kama mchanga, ili lishike. Nani aliyelipaka grisi? Fundi wangu, chini ya mti wa mkungu. Huyu fundi grisi anapaka kila kitu, nadhani hata mkate.

Nikampelekea. Akalichomoa, akaligonga kwa ukucha.

"Hii plastiki?"

"Karboni."

"Ndiyo nini?"

Nikatafuta maneno. "Basi ni kama… asili yake moja na mkaa."

Bei nilishamtajia. Akanitazama muda mrefu. "Laki moja na tisini. Mkaa."

Akalifuta, akalirudisha. Nikamwambia kaza kwa kiasi, hapo kwenye kibano pameandikwa 5. Nilikusudia nyutoni mita tano, ambazo hupimwa kwa spana maalumu, na hiyo spana Pemba nzima anayo Bwana Gramu peke yake, na haiazimishi. Fundi akauliza, "Tano? Mizunguko mitano?" Kabla sijafungua mdomo ameshafika wa tatu. Bomba likasema *ta!*, sauti ndogo tu, kama mtu anavunja ubuyu.

Tukanyamaza wote wawili. Na kuku alinyamaza.

Fundi hakuomba radhi. Alisema, "Mkaa haukazwi," akainuka, akaenda kwenye lundo lake la vyuma, akang'oa bomba la kiti la Phoenix iliyokufa zamani. Chuma, kutu nje, ndani grisi ya tangu enzi za babu. Likawa jembamba kwa fremu yangu, linacheza. Akaokota kopo la soda, akalikata kwa mkasi, akalizungusha kama mtu anafunga sambusa, akalipachika, akakaza kwa mguu. Halikutikisika. Elfu mbili, na kopo la bure.

Jumapili hii nimekwenda nalo Gombani. Nimejitayarisha kuchekwa, nimeshapanga na majibu. Bwana Gramu akaiona mara moja, akainama, akachungulia ile shungi ya kopo inayochomoza chini ya kiti. Akaigusa kwa kidole.

"Hii alumini?"

"Kopo la soda."

Akasimama akifikiri. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa mizani. "Hebu teremka, yakhe. Itoe mara moja."