Chupa ya Bei Nafuu Kutoka Bonde la Rhône

Wapo wanaoamini kwamba mvinyo uliochanganywa zabibu za aina mbalimbali umetengenezwa ili kuficha kasoro, na kwamba mvinyo wa kweli ni ule wa zabibu za aina moja tu, ambayo jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye lebo. Sikubaliani nao, na Côtes du Rhône nyekundu niliyoionja hivi karibuni, mvinyo wa mchanganyiko kutoka kusini-mashariki mwa Ufaransa, ya daraja lile linalouzwa chini ya euro 10 katika maduka makubwa ya Ufaransa, imenizidishia sababu.

Kusini mwa bonde la mto Rhône, kuchanganya ni desturi ya kale. Jina Côtes du Rhône linalindwa na sheria tangu mwaka 1937, na mvinyo mwekundu wa huko kwa kawaida hutegemea zabibu za Grenache, zikisaidiwa na Syrah na Mourvèdre. Grenache hustahimili jua kali na upepo mkavu uitwao mistral, hujaa sukari, na sukari hiyo ikichachuka hutoa kileo kingi pamoja na ladha ya matunda yaliyoiva. Lakini rangi yake ni hafifu na uchachu wake mdogo. Syrah huleta wekundu unaokaribia zambarau na harufu ya pilipili manga. Mourvèdre huchelewa kuiva, na ikiiva vizuri huupa mvinyo uzito na ukakasi. Anayepima viwango vya zabibu hizo anafanya kazi ya ufundi, na kwa maoni yangu ufundi huo huonekana zaidi katika chupa ya bei nafuu, ambayo haina pipa jipya la mwaloni wala miaka ya kukaa ghalani ya kuitetea.

Bilauri ya kwanza niliionja makusudi ikiwa na joto la chumba, na chumba chenyewe kilikuwa cha Dar es Salaam wakati wa mchana. Kileo kilitangulia kupanda puani, na matunda yakawa kama yamechemshwa. Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulizaliwa katika nyumba za Ulaya zenye baridi, na huku kwetu haufai kufuatwa neno kwa neno. Baada ya chupa kukaa kwenye jokofu kwa muda wa nusu saa hivi, mambo yalibadilika: pilipili manga ilijitokeza waziwazi, ikafuatiwa na plamu nyeusi, kisha ukakasi mwepesi wa kwenye fizi kama ule wa chai ya rangi iliyokolea. Ladha haikudumu mdomoni baada ya kumeza, na hapo ndipo bei ilipojionyesha.

Pamoja na mbuzi wa kuchoma, mvinyo huu ulikuwa bora kuliko ulivyokuwa peke yake, kwa sababu mafuta na chumvi ya nyama hulainisha ukakasi na kuyaacha matunda yasikike. Kwa samaki wa kupaka nisingeufungua. Mvinyo mwekundu wenye tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi, ukikutana na samaki, mara nyingi huacha mdomoni ladha ya chuma. Wala sioni faida ya kuununua kwa ajili ya kuuhifadhi, kwani mivinyo mingi ya daraja hili hutengenezwa ili inywewe ikiwa bado michanga, na miaka ikipita matunda hufifia ukabaki ukavu na kileo.

Hukumu yangu hata hivyo inaitegemea ile bei ya Ufaransa. Chupa hiyohiyo ikishavuka bahari, ikalipiwa ushuru na kupitia mikono ya waagizaji, inaweza kufika kwenye rafu zetu kwa bei ambayo haistahili tena kuitwa nafuu. Kwa bei hiyo nisingeichukua bila kwanza kuitazama rafu nzima, ikiwemo mivinyo mikavu, isiyo na utamu wa sukari, ya Dodoma.