Tapas za Kampala zipikwe na samaki wa ziwani

Kamba wa baharini sioni kwa nini wawe fahari ya mgahawa wa Kihispania hapa Kampala. Uko mmoja unaojaa kila Ijumaa hadi watu wanasubiri meza wakiwa wamesimama, na mimi naupenda kwa dhati. Sahani ndogo ndogo, ndizo tapas, zinawekwa katikati, kila mtu anamega, maongezi hayakatiki. Ila kamba wale wa kitunguu saumu wamesafiri katika barafu zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani. Wanatafunika kama mpira, na ndio ghali kuliko vyote mezani.

Sasa onja tortilla yao. Ni mayai na viazi tu. Viazi vya Kabale vimeiva polepole ndani ya mafuta hadi vikalegea, vikachanganywa na mayai, vikarudishwa kikaangoni, na katikati pakaachwa teketeke. Aliyezoea rolex ya Wandegeya, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, ataipenda papo hapo. Meza yetu iliagiza ya pili kabla ya kwanza kwisha.

Wahispania wenyewe hula cha karibu. Galicia, penye bahari, utaletewa pweza aliyenyunyiziwa pilipili nyekundu ya unga. La Mancha, kwenye nyanda za ndani, ni jibini ya maziwa ya kondoo. Granada ukiagiza kinywaji, mara nyingi kisahani kinakuja bila malipo, na kilichomo anaamua mwenye baa. Hakuna sheria inayodai kamba.

Na sisi tuna ziwa! Minofu ya sangara wa Ziwa Victoria inapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, huku sisi tukilipia kamba wa barafu. Hilo linaniuma. Pale Málaga wanachukua visamaki vidogo vibichi, wanavipaka unga, wanavikaanga katika mafuta ya moto sana, kisha vinaliwa vizima kwa ndimu. Mukene wetu, dagaa wa ziwani, wanafaa kabisa kwa upishi huo. Tumewazoea wakiwa wakavu, wa kutia kwenye mchuzi wa karanga, lakini wanavuliwa usiku kwa taa, na mpishi anayewahi alfajiri anawapata wangali wabichi.

Mafuta ya zeituni yapo jikoni tayari, ndimu zimejaa soko la Nakasero. Wapishi wetu waanze kwa kuteremka Ggaba asubuhi wakaongee na wavuvi.