Njia za Saanane ziboreshwe, miamba iachwe

Mpango wa kuboresha njia za miguu kisiwani Saanane, kwenye Ziwa Victoria jijini Mwanza, naunga mkono, ila jamani msimwage zege kila mahali. Likishapigwa niru likawa laini, mvua ikinyesha watu watateleza hadi ziwani. Pangeni mawe ya palepale yawe ngazi, chimbeni mifereji pembeni, basi. Na msizibe mapango ya pimbi.

Wanaoandika majina kwa rangi kwenye miamba (mapenzi yenyewe ya wiki mbili!) wapigwe faini. Chochote kilichobaki cha bustani ya wanyama ya 1964, ya kwanza nchini, kisibomolewe. Tena wekeni kibao kinachomtaja Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi pale kabla. Mwanangu wa darasa la sita alidhani Saanane ni aina ya samaki.