Katuni kabla ya nusu kaputi

Ukizungumzia kumpa mtoto simu aangalie katuni wakati anasubiri kuingizwa thieta, jibu la kwanza utakalopata hapa Mtwara ni kwamba hayo ni mambo ya hospitali za wenye nazo. Ndugu wa mgonjwa anakuja na shuka lake kutoka nyumbani, umeme unakatika, mtaalamu wa usingizi mmoja anahudumia foleni nzima, halafu mtu anataka katuni. Jibu la pili husemwa kwa upole zaidi: mtoto kulia ni kawaida yake, atalia, atalala, akiamka amesahau.

Jibu la kwanza lina uzito, nami nitalirudia. La pili si kweli, na ndilo linalonifanya niandike.

Mwaka 2006 timu ya Zeev Kain, daktari wa usingizi wa Marekani, ilichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 241 wa miaka 5 hadi 12 waliofanyiwa upasuaji wa mafindofindo na nyama za nyuma ya pua. Waliokuwa na hofu kubwa kabla ya kulazwa kwa dawa ya usingizi walisikia maumivu zaidi baadaye, hospitalini na hata waliporudi nyumbani, na usingizi wao ulivurugika zaidi. Kuweweseka wakati wa kuzinduka, yaani ile hali ya mtoto kuamka anarusha mateke, anang'oa kanyula (kibomba cha dripu mkononi) na hamtambui mama yake, kulitokea kwa asilimia 9.7 ya wenye hofu. Kwa waliokuwa watulivu ilikuwa asilimia 1.5. Upasuaji ni uleule.

Mtu makini atasema hapo hakuna uthibitisho kwamba hofu ndiyo iliyoleta maumivu. Huenda ni watoto wenye wasiwasi kwa tabia yao, wangeteseka hata wangetulizwa. Ni pingamizi la haki. Lakini haliwezi tena kusimama pamoja na ile kauli ya “atasahau”. Mtoto hasahau kwa sababu tu ameacha kulia. Na huku kwetu anayebeba mzigo wa usiku ule si hospitali. Ni mama aliyerudi naye Nanyamba au Nachingwea kwa basi na bodaboda, anakesha naye huku hajui kwa nini mtoto aliyekuwa analala vizuri sasa anashtuka kila saa.

Sasa nije kwenye takwimu ambayo siwezi kuiacha. Mwaka huohuo wa 2006, watafiti wengine wa Marekani waliwagawa watoto 112 wa miaka 4 hadi 12 katika makundi matatu. Wote walisindikizwa na mzazi. Kundi moja halikuongezewa chochote. La pili lilipewa midazolamu ya kunywa, dawa ya kutuliza inayotumika sana duniani kabla ya usingizi. La tatu lilipewa mchezo wa video wa kushika mkononi. Kisha wakaangalia kinachotokea barakoa ya dawa inapoletwa usoni. Kwenye kundi la mchezo, asilimia 63 ya watoto hofu yao haikupanda, na wengine ilishuka. Kwenye kundi la dawa ni asilimia 26. Kwa waliokuwa na mzazi peke yake ni asilimia 28.

Ziangalie tena hizo mbili za mwisho. Katika dakika ile ya barakoa, dawa haikumsaidia mtoto kuliko kuwa na mzazi tu, na mzazi peke yake hakutosha. Sisi tunaompenda mtoto tunadhani tukiruhusiwa kuingia naye ndani mambo yatakuwa sawa. Tathmini ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima tafiti za tiba, iliyojumuisha tafiti 28 na watoto 2,681, ilifikia palepale: uwepo wa mzazi peke yake hauonekani kupunguza hofu ya mtoto wakati wa kulazwa, ilhali michezo ya video na mbinu kadhaa zisizo za dawa zinatia moyo. Nadhani sababu haiko mbali. Mama mwenyewe anatetemeka, na mtoto anamsoma usoni. Mkono wake una joto, lakini macho ya mtoto bado yako kwenye barakoa. Katuni inayahamisha yale macho.

Hili nililiona kwa karibu nilipomsindikiza mpwa wangu wa miaka minne kwa upasuaji wa ngiri, katika hospitali moja ya mikoa yetu hii miwili, Mtwara na Lindi. Tuliambiwa asile tangu usiku. Aliitwa jua limeshapinda. Kwenye mstari mwekundu nesi akasema, “Mama, wewe unaishia hapa.” Mtoto alikuwa ameshika pindo la kanga ya mama yake, nesi akamwachanisha kidole kimoja kimoja. Tulimsikia mpaka mlango wa pili. Kwenye benchi letu alikuwepo pia binti mdogo aliyeanguka mwembeni akavunjika mkono. Baba yake alimwachia simu yenye kioo kilichopasuka pembeni, akawa anaangalia wanyama wanaimba namba. Zamu yake ilipofika nesi, yuleyule, akamwambia, “Njoo nayo,” akamshikia simu mbele ya macho wakaingia. Aligeuka mara moja tu kumwangalia baba yake.

Watoto wawili hawathibitishi kitu. Huenda binti yule ni jasiri kwa asili, na mpwa wangu njaa ilikuwa imeshamchosha. Hili la njaa nalo lisemwe, maana wapinzani wa katuni wako sahihi hapa: miongozo mingi ya usingizi inaruhusu maji mpaka muda wa saa mbili kabla ya kulazwa, maziwa ya mama saa nne, chakula saa sita. Kumfunga mtoto tangu usiku wa manane kwa upasuaji wa saa saba mchana ni kumtesa bure, na hakuna katuni inayoshibisha. Kurekebisha ratiba hakugharimu hata kifurushi cha intaneti.

Turudi kwenye hoja ya umaskini. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi linataka angalau madaktari bingwa 5 kwa kila watu 100,000. Tanzania hatujafikia hata mmoja. Kwa hali hiyo, anayesema shilingi ya kwanza iende kwenye mtu wa kulaza na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni anasema kweli, nami nikilazimishwa kuchagua nitachagua hivyohivyo. Ila sioni nani anatulazimisha. Simu ipo tayari kwenye benchi, mfukoni mwa baba. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi kwisha, kwa hiyo nchi hii inajua kupata chombo kama hicho na kukihamishia matumizi mengine.

Tena uchache wa wataalamu ndio unaoipa katuni nguvu zaidi. Midazolamu inahitaji mtoto apimwe uzito, dozi ikokotolewe, apewe dakika 20 hadi 30 kabla, kisha awepo mtu wa kumwangalia asije akapumua kwa shida. Foleni ikivurugika, dawa inafika kilele mtoto bado yuko benchi, au inakuwa haijafanya kazi na ameshaitwa. Hospitali yenye wauguzi wa kutosha inamudu hayo. Kwenye thieta yenye nesi mmoja anayekimbia huku na kule, kitu kisichohitaji kupimwa, kisicholegeza pumzi na kinachoweza kurudiwa hata foleni ikichelewa kina thamani kubwa kuliko huko kilikobuniwa. Zaidi ya hapo, mtoto anayelia sana hujaa mate na kamasi, na njia ya hewa iliyojaa mate ndiyo inayomtia wasiwasi mtu wa usingizi. Halotheni, dawa ya usingizi ya kuvuta ambayo hospitali nyingi za nchi zetu zimeitegemea, nayo hulaza polepole kuliko sevoflureni, dawa mpya zaidi ya aina hiyo. Hizo dakika za ziada mtoto anazipitisha akiangalia nini?

Kuna pingamizi jingine ninaloliheshimu zaidi kuliko la fedha. Wazee wa Kimakonde, Kiyao na Kimwera watakwambia jandoni mtoto hakuachwa na kisu peke yake: kulikuwa na ngoma, nyimbo, na mtu mzima wa kumsimamia na kumsemesha. Sauti ya mtu ndiyo dawa, watasema, na ninyi mnaleta kioo ili msiseme na mtoto. Nesi anayejua kuimba na kumuuliza mtoto habari za mbuzi wao ni bora kuliko simu yoyote, nakubali bila masharti. Basi simu iongezwe juu ya nesi huyo, isiwe badala yake. Na wakati mwingine hana lugha ya mtoto. Wako watoto wa Tandahimba na Newala ambao Kiswahili wanakianza vizuri shuleni. Kwa hao, video fupi ya bibi anaimba Kimakonde, iliyorekodiwa jana yake kwenye simu ya mama, inaweza kufanya kazi kuliko katuni ya Kiswahili safi.

Utasikia pia kwamba utafiti wa barakoa hautuhusu, kwa kuwa watoto wetu wengi hulazwa kwa ketamini, dawa ya usingizi ya sindano. Kwa sindano ushahidi upo pia: tathmini ya Cochrane ya mwaka 2018, tafiti 59 zenye watoto na vijana 5,550, ilionyesha kumhamisha mawazo mtoto kunapunguza maumivu anayoyasikia. Kuhusu madhara ya skrini, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na wa mwaka mmoja asiangalie kabisa. Ushauri huo unahusu maisha ya kila siku. Nusu saa ya siku ya upasuaji haimharibu mtoto.

Pale ninapoachana na wapenda teknolojia ni kwenye miwani ya uhalisia pepe, ile yenye skrini inayofunika macho yote. Ni ghali, inambana mtoto kichwani, inagongana na barakoa, na watengenezaji wengi wenyewe huweka umri wa chini kuwa miaka 10 au 13. Huko Rotterdam, Uholanzi, watoto wa miaka 4 hadi 12 walionyeshwa chumba cha upasuaji kwa miwani hiyo kabla ya upasuaji wenyewe. Matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha hofu yao haikupungua. Mfadhili akija Lindi na sanduku la miwani, ashukuriwe, kisha aombwe vishikwambi.

Kimoja kwa kila thieta kinatosha kuanzia: vibonzo vya Kiswahili vimeshapakuliwa ndani, chaji imejaa kabla umeme haujakatika, pochi ya plastiki inayofutwa kwa spiriti kila baada ya mtoto. Achague mwenyewe cha kuangalia, aanze akiwa benchi, aambiwe ukweli kwamba atalazwa, na asinyang'anywe mpaka macho yafumbe. Katika hospitali zetu za Ligula, Sokoine, Ndanda na Nyangao, nesi wa thieta aandike mambo mawili tu kwa kila mtoto: alikubali mwenyewe au alishikwa kwa nguvu, na alizinduka vipi. Waandike hivyo kwa mwaka mmoja, wenye katuni na wasio na katuni. Zikionekana hazikusaidia, kishikwambi kipelekwe wodini kikaandikie taarifa za wagonjwa.