Povu Lile Si la Sabuni

Juzi baada ya alasiri nilikuwa barazani Kibokoni, Mombasa, kikombe cha kahawa mkononi, kijana mmoja akauliza kwa sauti ya chini: mkojo ukitoa povu, kuna neno? Sijafungua mdomo, majibu matatu yashatoka. Joto la mwili hilo. Manii hayo. Kunywa madafu, yatakusafisha. Damu ilinipanda.

Ami yangu alijibiwa vivyo hivyo. Karibu miaka miwili, kila alfajiri kabla ya kutawadha, alikuwa akiona povu jeupe zito chooni, kama ute wa yai uliopigwa. Anamwaga maji, povu liko pale pale. Akadhani ni dawa ya kuoshea choo. Amaati, mkewe, yuko chumba cha pili na hakumwambia, kwa sababu haja ndogo si maneno ya kuzungumzwa. Presha alikuwa nayo, vidonge akivimeza siku kichwa kikimgonga tu. Mgongo ukimuuma, hukimbilia dawa za maumivu za dukani, nazo huziumiza figo zikitumiwa mfululizo. Tulishtuka siku miguu ilipovimba hata makubadhi yakakataa kuingia. Figo zilikuwa zishakwenda.

Sasa nisikilizeni. Kila figo ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kazi yake ni kutoa uchafu na kuizuia protini ibaki kwenye damu. Sukari na presha zikiviharibu, protini hupenya, na protini ndiyo inayoutia mkojo povu. Na haya yote hayaumi! Mtu anangoja maumivu ndipo aende hospitali, na figo aghalabu huharibika kimya kimya mpaka zibaki kidogo mno.

Haya, nakubali, si kila povu ni ugonjwa. Ukiubana mkojo muda mrefu ukatoka kwa kasi, utatoa mapovu, na hupasuka upesi. Hujanywa maji na jua hili la Mombasa, pia litakuwepo. Lakini likirudi siku baada ya siku na halitoki ukimwaga maji, lipime. Mama mjamzito mwenye povu na uvimbe, au kichwa kinachomuuma sana, asingoje hata siku moja.

Kipimo chenyewe ni kikopo na kijiti. Ukitumbukiza kijiti, kile kipande cha protini ni cha manjano. Kikigeuka kijani, protini ipo. Homa au mazoezi makali yaweza kuigeuza rangi kwa muda, kwa hiyo hurudiwa, kisha hupimwa damu. Likijulikana mapema, kuna dawa za presha ambazo pia huipunguza protini inayovuja, na figo zikaishi miaka mingi zaidi. Kijiti tu! Ami yangu hakukosa pesa ya kijiti. Alikosa wa kumwambia.

Na hayo madafu. Yana potasiamu nyingi, na figo zikishindwa kuitoa, potasiamu hukusanyika ikaweza kuusimamisha moyo. Ami ameyakatazwa. Maji yenyewe hupimiwa. Kiu ikimshinda hufyonza kipande cha barafu huku akifumba macho. Ukimshika mkono wa kushoto, pale walipounganisha mishipa kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu, utausikia ukitetema chini ya vidole, usiku na mchana. Naushika kila nikimsindikiza, na kila mara nawaza ile miaka miwili.

Basi ukiwa huna elimu ya jambo, nyamaza. Barazani tunaweza kupoteza nyakati zetu kwa mpira na siasa, si kwa figo za mtoto wa watu.

Kijana yule nilimfuata kwao kesho yake. Mamake akaniuliza, "Kuna nini, mwanangu?" nikamwambia twatoka mara moja. Tulisimama wawili kaunta ya maabara tukakitazama kijiti. Kilianza manjano, kikaingia ukijani polepole. Hakusema kitu, akanishika kiwiko.

Jumatatu anarudi kurudia kipimo na kutolewa damu. Nitakwenda naye.